Mstari wa mbele: shajara ya bendi yetu ya roki, Mbeya

Februari, mazoezi ya 1

Tumekutana watano kwenye stoo ya mbao nyuma ya nyumba ya Mama Besi, Uyole. Magunia ya viazi tumeyapanga ukutani na yamesaidia sana, maana bati na mbao tupu zinarudisha sauti mpaka masikio yanauma, lakini gunia la viazi linaimeza. Vyombo tulivyonavyo: magitaa mawili ya mtumba, besi ya kuazima, dramu yenye ngoma tatu na toazi moja lililopasuka ukingoni, na amplifaya moja inayotumiwa na watu wawili.

Humu kila mtu nitamwita kwa chombo chake. Ndivyo tulivyokubaliana, kwa sababu wawili kati yetu wazazi wao bado hawajaambiwa. Kuna Solo, yuko chuo. Dramu, anapiga kanisani kila Jumapili. Mwimbaji, mshonaji wa Mwanjelwa. Mama Besi, anauza viazi, ana watoto watatu na ana miaka 41. Mimi napiga gitaa la ridhimu.

Naandika kwa sababu tulipotaka kuanza hatukupata pa kuulizia. Bendi za dansi tulizokua tukizisikia zilikuwa na mwanamke anayeimba au anayenengua, lakini mcharaza solo alikuwa mwanamume, mkung'uta besi mwanamume, mpiga dramu mwanamume. Na si kwamba wanawake hawajawahi kupiga vyombo. Guinea kulikuwa na Les Amazones de Guinée tangu 1961, bendi nzima ya wanawake waliotoka kwenye jandarmu, yaani polisi wa kijeshi, na kila chombo kilikuwa mikononi mwao. Zanzibar kuna Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu: fidla, ganuni na udi wanavipiga wenyewe. Kwa hiyo swali la "mtaweza?" nimelifuta. Swali langu ni nani atakuja kutusikiliza, na atasimama wapi.

Februari, mazoezi ya 4

Solo anajua gitaa vizuri, sisi wengine tunajifunza. Leo nimewaeleza habari ya kijarida kimoja cha mashabiki wa panki, ile roki fupi, ya kasi na ya kelele, kilichotoka Uingereza Januari 1977. Kilichora kodi tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), A, E na G, kisha kikamwambia msomaji: haya, anzisha bendi. Hakikutaja cheti wala miaka ya kusoma nota. Mama Besi akacheka akasema, "Mwanangu, mimi nimelea watoto watatu bila kitabu, hizo kodi tatu zitanishinda?"

Hazikumshinda. Kwenye besi anapiga noti ya shina tu, ile inayoipa kodi jina lake, lakini mkono wake ni mzito na hauchelewi. Namtegemea kuliko ninavyojitegemea mwenyewe.

Kwa atakayetaka kujaribu: panki haikudai kodi kamili yenye vidole vinne. Tunashika noti ya shina na ya tano yake, nyuzi mbili au tatu tu, na umbo lile lile unalisogeza juu na chini ya shingo ya gitaa. Ukilijua umbo moja umeshapata kodi zote. Kinachochosha ni mkono wa kulia. Mapigo yetu ni 170 kwa dakika, na kiganja lazima kishuke bila kusita. Wiki ya kwanza nilishindwa hata kushika mwiko jioni.

Machi, mazoezi ya 9

Mwimbaji amepigwa shoti na maiki. Si kubwa, lakini mdomo umemuuma siku nzima. Tulikuwa tumechomeka amplifaya kwenye soketi ya stoo, na mashine ya sauti kwenye waya uliovutwa kutoka jikoni. Ukiwa umeshika nyuzi za gitaa huku mdomo umegusa maiki, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) za vyombo hivyo viwili hazilingani, wewe ndiye unakuwa waya wa katikati.

Dalili tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza tukaipuuza: gitaa lilikuwa linaunguruma, na ukigusa nyuzi muungurumo unapungua. Fundi umeme wa mtaani amekuja, amechimbia fimbo ya shaba nyuma ya stoo, akamwagia maji na kuunganisha waya wa ethi. Sasa kila kitu kinatoka kwenye soketi moja. Muungurumo umeisha kabisa na tumeweza kusikia makosa yetu. Hii ndiyo hela bora tuliyotumia mpaka leo, kuliko hata nyuzi mpya.

Aprili, Jumapili mchana

Jirani wa Mama Besi, mzee mmoja mstaafu wa reli, amekuja kulalamika kuhusu kelele. Tukasimama tumeinamisha vichwa, shikamoo zetu zikaitikiwa kwa ukali. Kisha akamwangalia Solo na kumuuliza, "Hiyo pedali inayokwaruza umeitoa wapi?"

Alifanya kazi TAZARA enzi za ujana wake. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyokamilika 1975, ilimpeleka Mpika na Kapiri Mposhi, na huko Zambia ndiko alikokutana na kitu wanachokiita Zamrock. Vijana wa migodini na mijini, gitaa limekwaruzwa mpaka linalia kama msumeno, ngoma nzito chini yake. Akatutajia bendi ya WITCH na mwimbaji wao Jagari. Akatutajia Paul Ngozi, aliyekuwa akicharaza gitaa kwa meno na kuimba mambo ya nyumbani na mtaani kwa lugha za watu wa kwao.

Nilikaa kwenye gunia nikamsikiliza saa nzima. Tangu tuanze tumeambiwa mara nyingi kwamba muziki huu ni wa Wazungu, kwamba hapa Nyanda za Juu Kusini haujulikani. Kumbe kutoka hapa mpaka Tunduma ni mwendo wa asubuhi moja, na ng'ambo ya mpaka huo watu walikuwa wanapiga roki ya Kiafrika tangu miaka ya 1970. Sisi ni majirani waliochelewa kubisha hodi.

Malalamiko yake ya kelele hakuyafuta. Tusipige baada ya saa 12 jioni. Tumekubali.

Mei, mazoezi ya 17

Nyimbo tatu za kwanza tulizitunga kwa Kiingereza. Leo tumezitupa zote.

Tuliwapigia wadogo zake Dramu, walikuwa sita. Walikaa kwa adabu na kupiga makofi mwishoni, kama watu waliosikiliza hotuba. Kisha Mwimbaji, akiwa amechoka na amekasirika kwa sababu nyingine kabisa, akasimulia alivyoitwaitwa na wanaume asubuhi pale Kabwe akisubiri daladala: oya mrembo, oya mtoto mzuri, mbona unaringa. "Na mimi sijawaita," akasema. Dramu akaipiga ile sentensi kwenye ngoma: si-ja-ku-i-ta. Mapigo matano, uzito uko kwenye la nne. Wale wadogo zake wakaruka.

Tangu siku hiyo nimeelewa jambo ambalo nadhani ndilo siri yetu yote. Kiswahili kimeumbwa kwa kupigiwa kelele. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, mdomo unabaki wazi, sauti inatoka yote bila kubanwa. Na neno moja linabeba sentensi nzima: nani, hapana, lini, nani tena, kitendo. Sijakuita. Hunijui. Sitakupisha. Lugha nyingine zinahitaji maneno matatu au manne kusema hivyo. Sisi tunalitupa moja likatua.

Wimbo wa "Sijakuita" umekamilika kwa siku moja. Kodi tatu, dakika 2 na sekunde 10.

Juni, shoo ya kwanza, Mwanjelwa

Ukumbi mdogo, kiingilio kidogo. Kabla ya hapo tulipita kwa afisa utamaduni tukafuata taratibu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, jambo ambalo nawashauri wengine walifanye mapema, maana mwenye ukumbi atakuuliza kibali kabla hajakuuliza jina.

Nimehesabu waliosimama karibu na jukwaa. Wanaume wapatao thelathini, simu zimeinuliwa, wanarekodi. Wanawake wanne. Wengine wa kike, labda ishirini, walikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, mikoba mkononi kama wanaotaka kuondoka. Walikuwa wamekuja kwa ajili yetu, na walikuwa hawatuoni.

Jambo la pili: wimbo wa kwanza ulipoisha, ukimya. Watu wakatazama taa. Walidhani umeme umekatika. Hapa kwetu sikio limezoea wimbo wa dansi wa dakika nane, wenye maneno mwanzoni kisha sebene ndefu ya kuchezea. Wetu unaisha mtu hajamaliza kuvua koti. Nilitaka tuurefushe. Solo akakataa, na alikuwa sahihi. Badala yake tuliupiga "Sijakuita" mwanzoni na tukaurudia mwishoni. Mara ya pili ukumbi mzima uliitikia, wakiwemo wale wa mlangoni.

Hesabu ya mstari wa mbele: 4.

Julai

Baridi. Nani wa nje ya Mbeya ataamini kwamba tumefanya mazoezi na makoti, skafu na moto wa mkaa mlangoni? Mji uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na usiku wa Julai haupendi vidole. Nyuzi za chuma zikipoa hujikaza na sauti hupanda. Ukishaanza kupiga zikapata joto, hulegea na sauti hushuka katikati ya wimbo. Tumeharibu nyimbo mbili hivyo kwenye shoo ya Soweto, hapa hapa Mbeya. Sasa tunatoa magitaa kwenye mifuko nusu saa kabla, tunayaacha yazoee ukumbi, ndipo tunayatyuni. Ngozi za dramu nazo vilevile.

Pesa: shoo ya Soweto hatukulipwa. Tulikubaliana nusu ya mlango, kwa mdomo tu, na mwenye ukumbi akasema mlango haukuingiza kitu, wakati tuliona watu wanalipa. Iliniuma kwa sababu Dramu alikuwa ameshaahidi nyumbani. Sasa tunaandika makubaliano kwenye karatasi, pande zote zinasaini, na mmoja wetu anakaa na mtu wa mlangoni. Nyimbo zetu tumeanza kuzisajili COSOTA pia, ofisi ya hakimiliki.

Hesabu ya mstari wa mbele, Soweto: 9.

Agosti, wiki ya pili

Swali la nguo limeisha bila mjadala. Mama Besi alifika shoo moja kwa moja kutoka shambani na gambuti zake zenye tope, kitenge kiunoni, akapanda jukwaani hivyo hivyo. Akina mama watatu waliomjua sokoni walipiga vigelegele mpaka tukashindwa kuanza. Tangu hapo sote tunavaa nguo zetu za kazi. Mwimbaji anavaa tepu yake ya kupimia shingoni na pini za fundi zimepangwa kwenye ukosi. Panki wa London nao walijibandika pini nguoni. Zake zimetoka kwenye kibweta cha cherehani.

Nimemsoma tena Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya panki ya X-Ray Spex. Alizaliwa 1957, baba yake Msomali na mama yake mwenye asili ya Uskoti na Ireland. Mwaka 1976 alianzisha bendi hiyo London, akapanda jukwaani na waya za meno mdomoni, na aliimba bila kujaribu kuwa mrembo wa mtu yeyote. Nimemwonyesha Dramu picha yake. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu anafanana na binamu yangu." Hakusema zaidi, lakini kuanzia siku hiyo ameacha kujificha nyuma ya toazi.

Agosti, shoo ya tatu, Mwanjelwa tena

Hii nataka niiandike yote.

Bikini Kill, bendi ya panki iliyoanzia Olympia, jimbo la Washington, Marekani, 1990, walikuwa na desturi ya kuwaita wasichana wasogee mbele na wanaume warudi nyuma, ili msichana asikanyagwe wala kushikwashikwa. Tulitaka kufanya vivyo hivyo lakini tukabishana wiki mbili namna ya kusema. Hapa huwezi kumwambia mtu mzima "rudi nyuma" ukabaki na heshima. Solo alitaka kamba. Mimi nilitaka kuandika kwenye tangazo. Mama Besi alisema tuache, atasema yeye.

Kabla ya wimbo wa kwanza akashika maiki. "Hamjambo wanangu. Karibuni sana. Akina mama, akina dada, njooni hapa mbele, leo ni sebuleni kwenu. Akina kaka, nyinyi ni wenyeji wetu, tunaomba mtulindie mlango na pembeni. Mgeni asiguswe."

Watu wakacheka, wakaanza kusogea. Vijana wawili hawakusogea. Mama Besi akavua besi, akashuka, akaenda kuongea nao kwa sauti ya chini. Hatujui aliwaambia nini na amekataa kutuambia. Mmoja alikwenda pembeni. Mwingine alikaa mlangoni usiku mzima, akawa anawapokea watu mikoba.

Kuanzia hapo shoo ilikuwa kitu kingine. Nilipotazama chini niliona sketi za shule zilizobadilishwa kuwa za kutokea, kanga, suruali za mitumba ya soko la Sido, na jozi mbili za gambuti. Gambuti safi, zimevaliwa kwa makusudi! Walikuwa wanajua kiitikio kuliko sisi. Katikati ya "Sitakupisha" nilikosea kodi, nikaangalia kama kuna aliyegundua. Dada mmoja mbele yangu alikuwa amefumba macho anapiga kelele, machozi yanamtoka, na wala hakuwa na huzuni.

Wanaume pia wamefurahi, niliseme hilo wazi. Wengi waliniambia nje kwamba walisikia vizuri zaidi kwa nyuma. Yule wa mlangoni amekuja shoo zote zilizofuata.

Hesabu ya mstari wa mbele: 31.

Septemba

Tukuyu: mvua, watu wachache, ndizi nyingi. Bibi yake Mama Besi alikaa kiti cha mbele shoo nzima na mwishoni akatuambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Sijui kama aliupenda muziki. Alishukuru, na kwangu inatosha.

Mambo ya nyumbani: Dramu ameulizwa kanisani. Video ya shoo yetu imewafikia wazee. Alikwenda na mama yake, akaeleza kwamba aliyemfundisha kushika fimbo za dramu ni kanisa lenyewe. Rungwe na vitongoji vyake ina urithi mkubwa wa muziki wa kanisa tangu Wamoravian walipofika 1891, na matarumbeta yanasikika mpaka leo. Wamemwambia aendelee kupiga Jumapili, na asije amechoka. Kwa hiyo shoo za Jumamosi usiku tumeziondoa, tunapiga Ijumaa. Tumepoteza ukumbi mmoja kwa uamuzi huo. Sijutii.

Oktoba, Iringa

Safari ndefu, zaidi ya kilomita 300. Tumeondoka alfajiri: Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga na misonobari yake isiyoisha, mpaka Ipogolo ndipo ukaanza kupanda kwenda mjini. Dramu imesafiri kwenye buti ya basi imefungwa kwa mablanketi. Ngoma moja imepata ufa, fundi seremala amesaidia kuibana na gundi kabla ya saa kumi.

Ukumbi uko Kihesa, wanafunzi wengi. Mwimbaji akasalimu kwa Kihehe, "Kamwene!" na jibu lilirudi kama ukuta. Hatukuwa tunajulikana Iringa. Hayo nilidhani. Tulipoanza "Sijakuita" wakaimba ubeti wa pili wote, ule wa konda, ambao haumo kwenye kile kipande cha video kinachozunguka. Nilimuuliza msichana mmoja baadaye ameujuaje. Amesema rafiki yake wa Mbeya alimwandikia maneno kwenye daftari, naye akawafundisha wenzake bwenini, bila muziki, wakipiga ndoo.

Kwa hiyo wimbo wetu ulifika Iringa kabla yetu, kwa ndoo na kalamu. Nimeufikiria sana usiku wa kurudi. Redio haikuupiga, hatuna promota. Umesafiri kwa sababu ni mfupi kiasi cha kuandikwa ukurasa mmoja, na kwa sababu kila aliyeukariri ameshawahi kuitwaitwa stendi.

Nilijaribu kuhesabu mstari wa mbele nikashindwa. Ulikuwa umefika mpaka mlangoni.

Oktoba, Jumamosi, stoo

Vya kununua: seti mbili za nyuzi, fimbo za dramu, toazi (hili la sasa ufa umefika katikati), gundi.

Asubuhi amekuja binti wa kidato cha tatu, yule wa gambuti safi wa Agosti, na wenzake wawili. Hawakuja kupiga picha. Wameleta gitaa lenye nyuzi nne tu na daftari, na humo amechora kodi mbili kwa kalamu ya risasi, A na E, vidole vimewekewa namba. Alinisalimu, akakaa kwenye gunia, akafungua ukurasa ambao bado ulikuwa mtupu.

"Dada, shikamoo tena. Hii ya tatu inashikwaje?"

Nimemwonyesha. Kwenye nyuzi nne inawezekana, ila kidole cha pete lazima kinyooke. Wiki ijayo wanakuja saa tatu. Nimwambie Mama Besi asogeze magunia.